KELELE NA HATARI ZA NDEGE JUU YA MAPAA YETU: SOMO KUTOKA UKUNDA NA DIANI

Nashukuru kupewa nafasi katika jarida letu la mwaka huu. Wenzangu wameandika mashairi na hadithi. Mimi nimechagua kuandika somo, tena somo ambalo kila mmoja wetu hulisikia kwa masikio yake kabla ya kulisoma: ndege na helikopta zinazopita juu ya mapaa yetu.

Nianze na jambo lililonisukuma. Nina mdogo wangu wa darasa la tatu. Zamani akisikia ndege alikuwa akitoka mbio uani, anapunga mkono na kupiga kelele, "Ndege! Nileteeni zawadi!" Tangu tarehe 28 Oktoba 2025 hafanyi hivyo tena. Siku hiyo asubuhi ndege ndogo iliyopaa kutoka Diani kwenda Kichwa Tembo, Maasai Mara, ilianguka Tsimba Golini, hapa hapa kaunti yetu ya Kwale. Watu wote 11 waliokuwamo walifariki: wageni 10 kutoka Hungaria na Ujerumani, pamoja na rubani wao Mkenya. Mwenyezi Mungu awape wafiwa subira. Siku hizi ndege ikipita mdogo wangu hunyamaza, huangalia dari, na huanza kula tu mvumo ukishaisha. Nilijiuliza: je, hofu ya mtoto huyu ina dawa? Au ndiyo basi, tumezaliwa karibu na kiwanja cha ndege na hatuna la kufanya?

Nimeuliza walimu, nimesoma, na nimefikiri. Haya ndiyo niliyoyapata.

1. TUANZE NA LUGHA

Kwa kuwa hiki ni Chama cha Kiswahili, tuanze na maneno. Lugha yetu haina neno moja tu la sauti isiyopendeza. Mlio ni sauti yoyote itokayo kwenye kitu. Mvumo ni sauti ya mfululizo inayotoka mbali, kama ya bahari wakati wa kusi au ya ndege iliyo juu sana. Ngurumo ni sauti nzito inayotikisa, kama ya radi. Kishindo ni sauti ya ghafla ya kitu kizito. Na kelele ni sauti yoyote inayomsumbua mtu asiyeitaka.

Tazameni vizuri maana hiyo ya mwisho. Kelele haitegemei ukubwa wa sauti peke yake, bali pia nani anaisikia, wapi, na saa ngapi. Ngoma ya harusi saa kumi jioni ni furaha. Ngoma hiyo hiyo saa nane usiku, na wewe una mtihani kesho, ni kelele. Hata helikopta ni hivyo hivyo. Mgeni aliyemo ndani anaiona raha, naye mama anayembembeleza mtoto chini yake anaiona adha.

Tena kitenzi vuma kimetuzalia mvumo na uvumi. Ndege ina mvumo, na ajali ina uvumi. Baada ya ajali ya Tsimba Golini kila kijiwe kilikuwa na mtaalamu wake: huyu anasema hivi, yule anasema vile. Kazi ya kutafuta chanzo cha ajali ni ya Idara ya Uchunguzi wa Ajali za Ndege (AAID) chini ya Wizara ya Uchukuzi. Haifai sisi wanafunzi kuhukumu rubani au kampuni kwa maneno ya barazani. Kwa hiyo somo langu halimtafuti mwenye makosa. Linatafuta namna ya kupunguza hatari na kelele kwa wanaoishi chini.

2. SAUTI HUPIMWAJE?

Sauti hupimwa kwa desibeli. Kipimo hiki si kama cha sukari, kwamba kilo mbili ni mara mbili ya kilo moja. Sauti ikipungua desibeli 10, sikio la kawaida huisikia kama imepungua nusu. Na sauti inayotoka mahali pamoja ikisambaa hewani bila kizuizi, kila umbali unapoongezeka mara mbili hupungua desibeli 6 hivi.

Hebu tufanye hesabu. Tuseme helikopta inapita juu ya nyumba kwa kimo cha mita 150, na kipimo uani kinasoma desibeli 84. Ikipita kwa mita 300, kitasoma 78. Ikipita kwa mita 600, kitasoma 72. Kutoka 84 hadi 72 ni tofauti ya 12. Maana yake mwenye nyumba anaisikia chini ya nusu ya ile ya kwanza. Hakuna aliyebadilisha injini wala aliyenunua kifaa. Rubani amepanda juu tu. Ni kweli kwamba ndege iliyo juu husikika na watu wengi zaidi kwa pamoja, lakini husikika kwa upole. Ugali ule ule umegawiwa watu wengi, hakuna aliyevimbiwa.

Ili tujue kama 72 ni kubwa au ndogo, tuangalie sheria. Kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2009, zinazosimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA), zinaweka kiwango cha sehemu za makazi, nje ya nyumba, kuwa desibeli 50 mchana na 35 usiku. Mchana wa kanuni hizo huanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa mbili usiku. Ndege inayopita dakika moja si sawa na disko linalopigwa usiku kucha, kwa hiyo hatuwezi kuzilinganisha moja kwa moja. Lakini viwango hivyo vinatuonyesha utulivu ambao sheria inaufikiria kwa mwananchi.

3. KWA NINI HELIKOPTA HUSUMBUA ZAIDI?

Ndege za abiria zinazotua Ukunda zina propela. Zinakuja, zinatua, zinanyamaza. Helikopta ina tabia nyingine. Mapanga yake makubwa ya juu ndiyo yanayoibeba, na hukata hewa kila sekunde. Kila panga likipita huacha nyuma yake kisulisuli kidogo cha hewa. Helikopta inaposhuka, panga linalofuata huweza kukipiga kisulisuli kilichoachwa na lile lililotangulia. Hapo ndipo tunaposikia ule mlio wa "pa-pa-pa-pa" unaotikisa madirisha. Panga dogo la mkiani nalo hutoa sauti yake nyembamba kama ya nyuki.

Sauti nzito husafiri mbali na hupenya ukuta kuliko sauti nyembamba. Ndiyo maana unaweza kuihisi helikopta kifuani kabla hujaiona. Lakini mlio huo wa kushuka hutegemea mwendo na mteremko anaouchagua rubani. Rubani aliyefunzwa anaweza kushuka kwa pembe na mwendo ambao mapanga hayavipigi visulisuli hivyo. Wahandisi nao wamefanya sehemu yao. Tangu miaka ya mwisho ya 1960 Wafaransa walianza kufunika panga la mkia ndani ya duara, mtindo uliotumika kwenye helikopta ya Gazelle. Hupunguza sauti na pia humlinda mtu aliye chini asikatwe.

4. HATARI SI YA WALIO NDANI PEKE YAO

Wengi wetu tukisikia ajali ya ndege tunawafikiria abiria. Lakini aliye chini hakukata tiketi, wala hakuulizwa.

Tarehe 10 Januari 2025, ndege ndogo ya mafunzo ilianguka Kwachocha, Malindi, kando ya barabara kuu. Waliokuwa ndani waliokoka, lakini watu watatu waliokuwa chini walifariki. Tarehe 7 Agosti mwaka huo huo, ndege ya kubeba wagonjwa iliyopaa kutoka Uwanja wa Wilson, Nairobi, kwenda Hargeisa ilianguka kwenye makazi ya Mwihoko, kaunti ya Kiambu. Walifariki watu sita, wanne wa ndani na wawili wa mtaani. Kabla ya hapo, tarehe 5 Machi 2024, ndege ya abiria iliyokuwa inakuja huku kwetu Diani iligongana angani na ndege ndogo ya mafunzo juu ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Wawili waliokuwa kwenye ile ndogo walikufa. Ile kubwa, yenye watu 44, ilirudi Wilson salama. Lau ingeanguka mtaani, tungekuwa tunasimulia mengine.

Helikopta nazo zina orodha yake. Tarehe 18 Aprili 2024, Mkuu wa Majeshi Jenerali Francis Ogolla na wanajeshi wengine tisa walifariki helikopta yao ilipoanguka Elgeyo Marakwet muda mfupi baada ya kupaa kutoka Shule ya Wavulana ya Cheptulel, Pokot Magharibi. Wawili waliokoka. Ng'ambo, tarehe 16 Mei 1977, helikopta iliyokuwa imetua juu ya paa la jengo la Pan Am jijini New York ilivunjika mguu, ikalala ubavu, na mapanga yake yakaua watu wanne pale juu. Kipande cha panga kilianguka hadi barabarani na kumuua mpita njia. Kituo hicho cha paani kilifungwa. London, tarehe 16 Januari 2013, helikopta iligonga winchi ndefu ya ujenzi katika ukungu mtaa wa Vauxhall. Walifariki rubani na mtu mmoja aliyekuwa chini.

Sisemi haya ili tuogope zaidi. Nasema ili tuone kwamba maswali yale yale hujirudia kila mahali: ndege ilikuwa ikipita juu ya nani, kwa kimo gani, na chini palikuwa na nafasi ya kutua ikiharibika? Hapa kuna jambo ambalo wengi hatulijui. Injini ya helikopta ikizima, helikopta haianguki kama jiwe. Upepo unaopanda kutoka chini huendelea kuzungusha mapanga, kama mbegu yenye bawa inavyozunguka ikidondoka mtini, na rubani anaweza kuishusha taratibu. Lakini anahitaji vitu viwili: kimo cha kumpa muda, na uwanja mtupu wa kutua. Akiwa chini sana juu ya mapaa ya Ukunda hana cha kwanza wala cha pili.

Basi tumegundua kitu. Kimo kinachopunguza kelele ndicho kinachoongeza usalama. Hatuhitaji kuchagua kimoja.

5. SHERIA ZINASEMAJE?

Kenya ni mwanachama wa Mkataba wa Chicago wa 1944 unaosimamia safari za ndege duniani. Kiambatisho cha 2 cha mkataba huo kinasema kwamba ndege inayoongozwa kwa macho ya rubani isipite juu ya miji au mkusanyiko wa watu kwa kimo kilicho chini ya mita 300 (futi 1,000) kutoka kitu kirefu kuliko vyote kilicho ndani ya mita 600 kuizunguka. Mahali pengine ni mita 150 (futi 500). Haya hayahusu wakati wa kupaa, kutua, au panapotolewa idhini maalumu. Angalieni: juu ya miji kipimo kinaanzia kwenye kitu kirefu, si ardhini. Hoteli ya ghorofa nne inahesabiwa, na mnazi unahesabiwa.

Hapa nchini msimamizi ni Mamlaka ya Usafiri wa Ndege (KCAA), chini ya Sheria ya Usafiri wa Ndege ya 2013. Mtu anayejenga jengo refu au mnara karibu na kiwanja cha ndege hutakiwa kupata kibali chake. Viwanja vyenyewe husimamiwa na Halmashauri ya Viwanja vya Ndege (KAA). Na Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya kuwa na mazingira safi na yenye afya. Sikuona mahali ilipoandikwa "isipokuwa mtu wa Ukunda".

6. NGUZO NNE ZA KUPUNGUZA KELELE

Mwaka 2001 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Ndege (ICAO) lilikubaliana juu ya njia nne za kushughulikia kelele za viwanja vya ndege. Nitazieleza kwa mifano ya kwetu.

(a) Kupunguza kelele zinakotoka. Hii ni kazi ya watengenezaji na wenye kampuni: injini na mapanga yenye sauti ndogo. Sisi hatuna kiwanda, lakini anayekodi helikopta kwa ajili ya wageni anaweza kuchagua ile isiyo na makelele mengi.

(b) Mpango wa ardhi. Hapa tuseme kweli. Kiwanja cha Ukunda kiko kati ya mji na ufuo, na mji umekikaribia kutoka kila upande. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 866,820 katika kaunti ya Kwale, na wengi wanaotafuta kazi huja kupanga Ukunda. Tukijenga shule, zahanati na nyumba za kupangisha mwisho wa njia ya ndege, kisha tukalia, tutakuwa tumejikata wenyewe. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Serikali ya kaunti ina wajibu wa kuchora ramani na kusema: hapa maghala sawa, hapa shamba sawa, hapa darasa hapana. Vilevile kiwanja kipya cha ndege, chini ya sheria ya mazingira ya 1999, huhitaji kufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira, na wananchi wana nafasi ya kutoa maoni. Twendeni kwenye mikutano hiyo. Tusingoje soda tu.

(c) Namna ya kurusha. Ndege hupaa na kutua ikiuelekea upepo. Kwa hiyo kusi na kaskazi huamua ni mtaa upi unaopata kelele za kupaa. Hilo haliwezi kubadilishwa na binadamu. Lakini helikopta ina uhuru zaidi. Inaweza kufuata njia iliyochorwa. Huko London, helikopta zenye injini moja hutakiwa kufuata njia maalumu, nyingi zikiwa juu ya mto Thames, ili zikiharibika zisiangukie watu. Sisi hatuna Thames, tuna Bahari ya Hindi. Nikimuuliza mtu yeyote wa Diani hujibu haraka, "Zipitishwe baharini!" Jibu ni zuri lakini lina masharti. Zikipita chini chini juu ya mchanga zitawasumbua waogeleaji, wavuvi na wenye ngamia, na jeneza halitajali kama ajali ilikuwa ufukweni au mtaani. Zipite nje ya ufuo, kwa kimo cha kutosha, nazo ziwe na maboya na majaketi ya kuelea. Zisikatize juu ya Kaya Kinondo, ambayo ni miongoni mwa misitu ya kaya iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia na UNESCO mwaka 2008, wala kushukia miti wanamoishi mbega wetu. Na kwa kuwa Diani kuna wanaoruka kwa miavuli kutoka angani, kila rubani lazima ajue mwenziwe yuko wapi. Ajali ya Machi 2024 imetufundisha kwamba anga pana linaweza kuwa jembamba.

(d) Kuweka mipaka. Hii ndiyo nguzo ya mwisho, inayotumika nyingine zikishindwa. Mwaka 2016 jiji la New York lilikubaliana na wenye helikopta za utalii kupunguza safari kwa nusu, hadi 30,000 kwa mwaka, na kuziondoa kabisa siku za Jumapili. Kwetu mipaka inaweza kuwa ya saa: safari za kujifurahisha zisifanywe alfajiri, wala usiku, wala saa za mitihani ya kitaifa juu ya shule. Lakini helikopta inayombeba mgonjwa au mzazi mahututi haiulizwi saa. Hiyo ipite, nasi tutashukuru.

7. UPANDE WA PILI WA SHILINGI

Nilipomsomea kaka yangu rasimu ya makala haya alicheka kidogo, kisha akakunja uso. Yeye ni dereva wa tuktuk, na abiria wake wengi huwachukua hapo kiwanjani.

"Sikiza we," akaniambia. "Mgeni akija na ndege kutoka Nairobi hashughuliki na kivuko cha Likoni. Anashuka hapa, ananipa mimi kazi. Ndege zisipokuja n'takula nini? Na wewe karo yako n'tailipaje?"

Nilinyamaza, maana ni kweli karo yangu ya muhula uliopita imetoka kwenye tuktuk ile. Bibi yetu alikuwa ameketi mkekani akichambua mchicha. Nikamgeukia. "Bibi, wewe wasemaje?"

"Mjukuu wangu," akasema, "mimi sijasema ndege zisije. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni hupita mlangoni, hapiti juu ya paa."

Kaka akakosa jibu, akaishia kucheka. Nami naona neno la bibi ndilo somo zima. Hatutaki kiwanja kifungwe. Mpishi wa hoteli, muuza vinyago, dereva na mvuvi wanaouza kwa wageni wote wanakitegemea. Tunataka ndege zipite mlangoni, yaani kwenye njia yake, kwa kimo chake na kwa saa zake. Tena ajali moja huwaogofya wageni kuliko sheria kumi. Kwa hiyo usalama wa mtu wa Mvindeni ni biashara ya mtu wa Diani.

8. HELIKOPTA IKITUA UWANJANI KWETU

Kila msimu wa kampeni na harambee, helikopta hutua kwenye viwanja vya shule. Mimi nilishuhudia moja nikiwa shule ya msingi. Sitataja ya nani. Kipindi cha Hisabati kilikwisha papo hapo, sote tukatoka mbio kuizunguka. Vumbi lilitupofusha, bati lililolegea la choo likang'oka na kuruka, na msichana mmoja wa darasa letu alikuwa akiikimbilia kutoka nyuma, upande wa mkia. Mzee mmoja alimdaka mkono. Wakati ule tulimcheka msichana. Leo nikikumbuka, mwili wanisisimka, kwa sababu panga la mkia likizunguka kwa kasi halionekani.

Kwa hiyo wenzangu, shikeni haya:

(i) Msikaribie helikopta mapanga yakiwa yanazunguka, hata kama aliyemo ni mjomba wenu.
(ii) Msipite nyuma, upande wa mkia, kwa vyovyote vile.
(iii) Mkiitwa na rubani, nendeni kutoka mbele anakowaona, mkiinama. Kama uwanja una mteremko, msikaribie kutoka upande wa juu, maana huko mapanga huwa karibu na vichwa.
(iv) Shikeni kofia, leso na buibui. Kitu kikipeperuka msikikimbilie.
(v) Funikeni macho kwa sababu ya mchanga, na ondoeni mabati, karatasi na viti vyepesi mapema.
(vi) Walimu wakiarifiwa kabla, wanafunzi wabaki darasani hadi mapanga yasimame kabisa.

Na wakubwa wanaotualika wageni wa angani, tunawaomba kwa heshima: tafuteni uwanja usio na watoto, au njooni baada ya saa za masomo.

9. SISI TUFANYE NINI?

Lalamiko lisilo na maelezo ni kama barua isiyo na anwani. Ukisema "ndege zinatusumbua sana", ofisa atakuitikia na kusahau. Lakini ukiandika tarehe, saa, ndege ilikotoka na ilikoelekea, rangi yake, kama ilikuwa helikopta au ya propela, na herufi za usajili ukiweza kuzisoma (za Kenya huanza na 5Y), hapo umeandika ushahidi. Napendekeza chama chetu kifungue daftari muhula ujao. Kila darasa liandike kwa wiki mbili ni mara ngapi mwalimu alilazimika kunyamaza. Wa Fizikia watusaidie kukadiria kimo. Wa Jiografia wachore ramani. Sisi wa Kiswahili tuandike barua rasmi kwa KCAA, nakala kwa NEMA na kwa serikali ya kaunti, kwa lugha ya adabu. Si ya kulaumu, bali ya kuomba mambo matatu: kimo, njia na saa.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Eleza tofauti kati ya mvumo, ngurumo na kelele. Tunga sentensi moja kwa kila neno.
2. Helikopta ikipita kwa mita 200 kipimo kinasoma desibeli 80. Kitasoma ngapi ikipita kwa mita 800?
3. Kwa nini kimo kikubwa humsaidia rubani ambaye injini yake imezima?
4. "Helikopta zote zipitishwe baharini." Toa hoja mbili za kuunga mkono na mbili za kupinga.
5. Andika barua rasmi kwa mkuu wa kiwanja cha ndege ukiomba safari za kujifurahisha zisipite juu ya shule wakati wa mtihani.

TAMATI

Wiki iliyopita nilimfundisha mdogo wangu mchezo. Ndege ikisikika anahesabu moja, mbili, tatu, hadi mvumo uishe, kisha ananiambia ilikwenda upande gani, nami naandika. Mara ya kwanza alihesabu akiwa ameshika shati langu. Juzi alitoka uani peke yake kuitazama. Hakupunga mkono bado, lakini alitoka.

Kwa hayo machache, nawatakia mitihani mema na likizo njema. Wasalaam.